Ile Chokaa Nilimwaga kwa Boila ya Gatina

Nyinyi sita mnaohamishiwa ile boila kubwa ya makaa ya mawe, hii ni yenu. Someni yote kabla hamjagusa swichi. Mkisoma nusu nitajua, maanake nusu ya kwanza najisifu, na ya pili ndio nawaambia vile niliharibu.

Naitwa Achieng'. Nimestaafu na meno zangu zote mdomoni. Watu wa plot yetu mtaani Lindi wakisikia hivyo wanacheka, "Achi, kustaafu ni ya wazee, sema tu umefutwa." Sijafutwa. Boila yetu imezimwa, wameleta ingine ya gesi, na daktari amesikiliza kifua yangu akasema vumbi imetosha. Kama hiyo si kustaafu, niambieni ni nini. Mambo ya cheo na mshahara sitaandika. Moto ikikataa saa nne asubuhi, cheo haitaiwasha.

Nilianza nikiwa msichana tu, naishi Lindi, natembea kupitia Olympic, navuka Ngong Road, mpaka Gatina kwa kile kiwanda cha blanketi. Waliniandika kazi ya kutoa majivu. Sikujua boila ni nini. Nilidhani ni sufuria kubwa.

Aliyekuwa na boila ni Mzee Makokha, mtu wa Bungoma, mfupi, jicho la kulia linatoa machozi kila saa kwa sababu ya kuchungulia moto miaka mingi. Siku ya kwanza aliniangalia kutoka gambuti mpaka kitambaa.

"Wewe ndio wa majivu?"

"Ndio mi."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Form two."

"Sawa. Majivu haiulizi form." Akanipa beleshi.

Wiki haijaisha nikamkosea. Vumbi ya majivu ilikuwa inanikaba, so nikaona mimi ni mjanja, nikachukua ndoo ya maji nikamwagia ile lundo. Wueh! Lundo ilichemka. Mvuke ilipanda, majivu inaruka ruka kama githeri, mahindi na maharagwe, imezidishiwa moto, na mimi nikakimbia nikipiga nduru. Mzee alikuja pole pole akachuchumaa karibu na lundo. Hakuuliza kama nimeungua.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona nini Mzee? Majivu yako imerogwa!"

"Haijarogwa. Ni chokaa. Iko hapo ndani, haijafanya kazi. Ikikutana na maji ndio inachemka hivyo. Sasa hiyo ni chokaa nimemwaga bure." Akacheka mpaka lile jicho likafurika. "Wewe umenipima bila kujua."

Hapo ndio nilianza kuuliza maswali, na sikuwahi nyamaza tena. Hakuna mtu alinipeleka darasa. Kulikuwa na kitabu ya boila, fotokopi imejaa mafuta, imekosa kurasa za mwanzo. Nilikuwa naenda nayo Lindi ndani ya blauzi, nasoma neno kwa neno, natafuta maana kwa simu ya jirani. Nisichoelewa, namuuliza Mzee asubuhi kabla hajavaa ovaroli.

Wacha niwaeleze vile alinieleza. Boila yetu haichomi makaa juu ya chuma kama jiko. Chini kuna bamba lenye tundu ndogo ndogo, juu yake mchanga na majivu, na chini yake feni kubwa inapuliza hewa. Siku moja moto ilikuwa imezimwa kwa usafi, Mzee akanipa nondo.

"Dunga hiyo mchanga."

Nikadunga. Haiingii. Nikaegemea na uzito wote. Haiingii.

Akawasha feni. Mchanga ikainuka, ikaanza kutokota kama uji, povu inapasuka juu, na hakuna moto hata kidogo. "Sasa dunga."

Nondo iliingia kama kijiko kwa chai. Nilitoa, nikadunga tena, nikatoa. Nilicheza hapo kama mtoto mpaka akaninyang'anya. Hiyo mchanga inayotokota ndio tunaita bedi. Ukiipasha moto ikawa nyekundu, makaa ya mawe inaingia imevunjwa vidogo, inachomeka ndani ya ule uji. Yenyewe ni kidogo tu. Nyingine yote ni mchanga na majivu na chokaa.

Na chokaa ni ya nini? Makaa ya mawe iko na salfa ndani. Ikichomeka, salfa inakuwa hewa hauioni, lakini pua inaijua: ni kama mtu amekuwashia kiberiti chini ya pua. Hiyo hewa ikipata unyevu inakuwa asidi. Inakula mabati, inakula nguo kwa kamba, inakula koo ya mtu. Sasa unaweka mawe ya chokaa yaliyosagwa ndani ya bedi pamoja na makaa. Moto inafungua lile jiwe, linashika salfa kabla haijafika chimni, lile bomba la moshi, wawili wanakuwa kitu kama plasta, na kinatoka chini na majivu. Mimi ndio nilikuwa nakibeba. Salfa yote ya kile kiwanda ilitoka kwa mikono yangu, na nilijivunia hivyo.

Lakini jiwe linataka heshima. Digrii mia nane hamsini ndio joto yake. Ukishuka chini ya mia nane, halifunguki vizuri. Ukipita mia tisa, salfa inaanza kuponyoka, na ukizidi hapo mchanga inashikana mabonge, utalia. Meneja wa uzalishaji atakupigia simu, "Ongeza moto, mvuke haitoshi." Mwambie ndio, halafu usiongeze.

Ukubwa pia. Mzee alikuwa na vitu viwili vimening'inia kwa msumari: chekeche ya mchanga na chujio ya chai. Kila lori ya mawe ikija, anachota mkono mmoja. Isiyopita kwa chekeche ni kubwa sana, inajifunika plasta nje na ndani inabaki haijatumika. Inayopita kwa chujio ya chai ni laini sana, feni inaibeba inatoka nayo nje kabla haijashika chochote. Anataka ya katikati, kama ndengu. Madereva wa lori walikuwa wanamchukia. "Mzee, unapika ama unachoma?" Anawarudisha na lori imejaa.

Mkebe ndio ilikuwa kipimo yangu. Kutoka ile siku ya ndoo, nilianza kila asubuhi kuweka kikombe cha majivu iliyopoa kwa mkebe, kikombe cha maji, halafu nashika nje. Ikichemka sana, tunamwaga chokaa bure. Ikibaki baridi kabisa, chokaa imeisha, na salfa inaenda kwa watu. Ikipata joto kama chai ya mtoto, tuko sawa. Mzee alisema hiyo haiko kwa kitabu. Nikamwambia kitabu imekosa kurasa.

Sasa Mama Njeri. Ukuta wa nyuma wa kiwanda umepakana na ploti yake, jengo la orofa nne, wapangaji kila mlango, kamba za nguo juu kabisa. Ile shamba ilikuwa ya baba yake kabla kiwanda haijajengwa, na hakuacha mtu asahau. Upepo ukitoka kwetu unaenda kwake.

Mzee alikuwa na desturi. Kabla hajamwachia mwenzake shifti, anatoka gate, anazunguka ukuta, anapanda ngazi zote mpaka juu kwa kamba za nguo, na anasimama hapo muda wa kikombe kimoja cha chai. Mama Njeri ndiye analeta hiyo chai, na matusi.

"Makokha! Leo umenichomea nini?"

"Nimekuja kunusa, Mama."

"Nusa basi. Na uangalie hii shati. Hii ilikuwa nyeupe?"

"Hiyo ni sabuni yako, Mama."

"Ngai! Sabuni yangu! Mtu wa Bungoma ananifunza kufua!"

Akimaliza kikombe bila kukohoa, ndio anarudi kuweka sahihi kwa kitabu ya shifti. Ofisi kulikuwa na mashine ya kupima moshi, ya bei kubwa, Injinia wa kiwanda aliiamini kuliko mama yake. Mzee aliniambia, "Hiyo mashine haiishi hapo nyuma. Mama Njeri anaishi." Mwaka wa pili akaanza kunituma mimi kunusa. Wa tatu akaanza kuniachia moto dakika kumi, halafu nusu saa, halafu nikawa naendesha na yeye amekaa kwa ndoo anakula mahindi. Kwa karatasi bado nilikuwa mtu wa majivu. Cheti ya boila kwa shifti yetu ilikuwa moja na ilikuwa na jina yake.

Sasa ndio hiyo nusu ya pili.

Ilikuwa mvua. Lori ya mawe ya chokaa ilikwama huko machimboni upande wa Kajiado, siku ya tatu haijafika, na hopa, lile pipa la kulisha boila chokaa, ilikuwa inaonyesha chini. Siku hiyo hiyo Mzee alikuwa na miadi ya kliniki ya macho, ameingoja miezi. Aliniambia amesimama mlangoni, amevaa koti yake ya kanisa:

"Chokaa ikiisha, punguza moto. Wakipiga kelele, waache wapige. Umesikia?"

"Nimesikia Mzee."

"Sema vile nimesema."

"Ikiisha napunguza moto. Enda bwana, utachelewa!"

Saa nne chokaa ikaisha. Nikapunguza. Dakika kumi Injinia akashuka. Alikuwa mtu wa Kiambu, kijana, si mbaya, lakini alikuwa na oda ya blanketi za shule na mtu anamkalia kwa shingo.

"Mvuke imeenda wapi?"

"Chokaa imeisha, Injinia. Mzee amesema tupunguze."

"Mzee, Mzee. Huyo mzee wako amechoka. Hata kupanga chokaa imemshinda. Watu wa juu wanauliza mbona bado tunamweka."

Kama angenitusi mimi, ningemtusi, tungeisha hapo. Lakini alimgusa Mzee. Damu ilipanda mpaka nikaona nyekundu kuliko bedi. Nikamwambia, "Shifti ya Mzee Makokha haijawahi kosa mvuke, na leo haitakosa! Nipe nusu saa!"

Nikatoka mbio mpaka duka la hardware hapo Gatina. Chokaa si chokaa? Kulikuwa na magunia ya ile ya kupaka ukuta, nyeupe pee, laini kama unga ya ngano. Nikabeba ishirini kwa mkokoteni, kwa jina ya kiwanda. Ile chujio ya chai ilikuwa imening'inia kwa msumari karibu na kichwa yangu nikifungua gunia la kwanza. Niliiona. Nawaambia ukweli, niliiona kabisa. Nikasema, leo hakuna wakati.

Nikamwaga kwa hopa, nikarudisha makaa. Mvuke ikapanda. Mashine ya ofisi ikaendelea kuonyesha namba nzuri, maanake bomba yake ilikuwa imeziba na hakuna aliyejua. Injinia akaniinulia kidole gumba kutoka dirishani. Nikaimba. Kweli, niliimba, na sauti yangu mnaijua.

Karibu saa sita nikasikia gate inapigwa kama inavunjwa. Mama Njeri. Ako na karai ya nguo, na nguo yote imefunikwa unga mweupe, na nywele yake, na kope za macho. Nyuma yake wapangaji wanakohoa, wengine wameshika leso kwa pua. Ule unga wote niliweka kwa hopa ulitoka juu kwa chimni ukaenda kukaa kwake, na salfa ikaufuata nyuma bila kushikwa na mtu.

"Makokha ako wapi?" Hakuwa anapiga kelele. Hiyo ndio iliniogopesha. "Mapacha wa Nekesa, mpangaji wangu, wamepelekwa kliniki hawawezi kupumua. Makokha ako wapi?"

Nilizima makaa.

Wale mapacha walirudi nyumbani jioni, wazima. Nimeandika hii mapema ndio msikae na roho juu. Mimi nilikaa nayo juu mpaka jioni hiyo.

Kesho yake tuliitwa kwa meneja. Yeye, Injinia, Mama Njeri kwa kiti ya wageni na karai yake kwa magoti, Mzee na mimi tumesimama. Meneja alikuwa ameshaandika barua ya kumfuta Mzee. Uzembe. Cheti irudishwe kwa wenye kuitoa. Mzee alikuwa amebakisha miaka mitatu amalize kazi na jina yake safi.

"Nani aliweka hiyo chokaa?"

"Shifti ilikuwa yangu," Mzee akasema.

"Uongo!" Nilipiga meza mpaka kalamu zikaanguka. "Hakuwa hata ndani! Ni mimi! Nilienda hardware mwenyewe, nikamwaga mwenyewe!"

Meneja aliniangalia kama ananiona mara ya kwanza. "Wewe si wa majivu?"

"Ndio mi."

"Nani alikupa ruhusa kugusa boila?"

Ndio nikaelewa nimefanya nini. Kosa ya chokaa ni kosa. Lakini kuacha moto na mtu hana cheti, hiyo ndio inamaliza mzee. Nilikuwa nimeingia kumwokoa na nikamfungia mlango kwa nje.

"Injinia alijua!" nikasema. "Alinipigia kidole gumba!"

Injinia akaangalia viatu. "Mimi nilidhani Makokha ako ndani."

Ningemrushia karai ya Mama Njeri kama Mzee hangenishika mkono. "Nyamaza, msichana wangu. Nyamaza kidogo."

Mama Njeri ndiye alisema. "Nimeishi nyuma ya hii ukuta kabla hamjakuwa hapa. Mameneja nimeona saba. Ni nani kati yenu amewahi kupanda ngazi zangu aniulize kama naweza kupumua? Ni huyu. Na huyu msichana wake mwenye kelele. Mkifuta huyu mtu kwa uzembe, mimi naenda na hii karai kwa serikali vile iko, sifui."

Meneja akaweka kalamu. "Sasa mnataka nini? Sheria ni sheria. Mmoja hapa lazima aende."

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Mzee alinitangulia.

"Andika nimestaafu mwenyewe. Na huyu mpeleke asomee cheti. Nitamshikia moto mpaka arudi nayo, halafu naenda nyumbani."

"Mzee, apana!"

"Wewe, apana nini? Mimi nitaweza kukaa bila boila. Haya, niambie ni nani mwingine hapa anajua kupima majivu kwa mkebe."

Nikaokota zile kalamu nilikuwa nimeangusha.

Barua ikachanwa, ingine ikaandikwa. Mtihani nilianguka mara ya kwanza, nikapita mara ya pili, na siku niliingia na cheti Mzee alikuwa ameshakunja ovaroli yake. Alinionyesha valvu moja inayovuja, akachukua koti akaenda. Miaka mitatu yake nilichukua mimi.

Niliendesha hiyo boila miaka kumi na moja. Makaa ikibadilishwa, ikaja ile iliyo na salfa nyingi, naongeza jiwe kabla mtu hajauliza. Nilirudisha malori mengi kuliko Mzee. Nilikosana na mainjinia wanne, na yule wa kidole gumba tukaja kupatana: yeye mwenyewe ndiye alisafisha bomba ya ile mashine kila wiki mpaka akahama. Mzee nilikuwa namwona Jumapili Lindi, tunakula, tunacheka, anauliza bedi iko joto gani. Ile siku hatukuwahi kuitaja. Mimi naongea mpaka usingizini, lakini si hiyo.

Mwezi uliopita tulizima mara ya mwisho. Niliomba walinzi wamruhusu Mzee, akaja na fimbo, jicho la kulia sasa halioni. Nilikata makaa. Chokaa sikukata, niliacha iingie mpaka kipande cha mwisho cha makaa kichomeke, na nyinyi mfanye hivyo kila mkizima, maanake salfa ya mwisho pia ni ya mtu. Bedi ikatoka nyekundu ikawa rangi ya damu ya mzee, ikawa kahawia, ikawa nyeusi. Feni tu ndio inalia, mchanga inatokota bila moto. Mzee alikuwa ameweka jicho zima kwa kidirisha.

Nikasema, "Mzee, nisamehe."

"Ya nini?"

"Ya ile chokaa. Ile miaka yako."

Hakugeuka. "Kwani ulirudia?"

"Sikurudia. Hata siku moja."

"Sasa unaniomba msamaha ya nini, wewe? Zima feni, twende. Miguu inaniuma."

Nikazima.